Siku Niliyonuna Ngomeni

Kwetu mimi nilikuwa maarufu kwa kununa. Wenzangu wakiudhiwa walilia, wengine walipiga kelele, mmoja katika binamu zangu alikuwa akivunja vyombo. Mimi nilinyamaza. Marehemu baba alikuwa akitania kwamba nikinuna hata maziwa hayachemki jikoni. Mama alivumilia siku ya kwanza, siku ya pili akaanza kugongagonga masufuria, ya tatu akaniletea chai kitandani na kuuliza, "Haya, bibi mkubwa, sema basi unataka nini?" Hapo ndipo niliposema, na mara nyingi nilipata. Nilianza Unguja nikiwa mdogo, nikaendelea Dar es Salaam tulikohamia, na sikuona sababu ya kuacha. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wamesema wenyewe wahenga, na mimi niliwaamini.

Nayasema haya mapema ili msomaji asinionee huruma kupita kiasi. Yaliyonikuta ngomeni niliyachangia mwenyewe.

Tulifika Ibra, mama na mimi, katikati ya miaka ya sabini. Baba alikuwa ameshafariki. Oman ilikuwa inawaita watu wake waliotawanyika Afrika, na ami yangu, kaka yake baba, alituandikia tuje tukae kwake. Alitupa chumba cha juu chenye dirisha la kuangalia mitende. Alikuwa mtu mwema, sitaki mtu afikiri vingine. Alitulisha anachokula yeye, akamhifadhia mama heshima yake mbele ya kila mtu. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sisi tulishamaliza miezi saba bila ya kupewa jembe wala kuonyeshwa shamba. Dar nilikuwa nikienda shule peke yangu na kurudi peke yangu. Ibra kwenda nyumba ya tatu kumsalimia mzazi ilibidi waulizwe watu wanne, na mpaka wakubaliane mtoto ameshaota meno. Kiarabu changu kilikuwa cha msahafuni. Nikitaka kuomba chumvi nilijihisi ninasoma khutba.

Kisha ikaja barua. Hospitali moja ya Maskati ilikuwa ikitafuta wasichana wanaojua Kiingereza ili iwafundishe uuguzi, na jamaa mmoja alinipelekea maombi yangu. Nimekubaliwa. Nifike mwanzo wa mwezi, bweni lipo, kilichobaki ni saini ya walii wangu, mwanamume mwenye kunisimamia, na walii wangu ni ami. Aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu. "Inshallah," akasema.

Ikapita wiki. Nikauliza. "Inshallah." Ikapita ya pili.

Basi nikanuna. Nilinuna kwa ustadi wangu wote. Sikusema na mtu asubuhi, sikusema jioni, nikala uso umeinama, nikapanda chumbani. Hakuna aliyegundua. Katika nyumba ya watu kumi na sita msichana asiyesema ni neema ya Mungu, na mke wa ami alimsifu mama mbele yangu: "Mashallah, umemlea. Hana maneno." Nilitaka kupasuka.

Zilikuwa zimebaki siku tisa mwezi uanze. Alkhamisi asubuhi ami akatangaza kwamba tunakwenda kutembea, upande wa Al-Qabil, kuiona ngome ya jamaa zetu. Nilifurahi, na furaha hiyo naikumbuka kwa hasira mpaka leo. Nilidhani kununa kwangu kumeanza kufanya kazi, kwamba ami ameniona nimekonda roho na sasa ananipeleka nikapunge upepo kabla ya kunitilia saini. Mama alivaa nguo yake ya hariri ya Dar. Mimi nikaambiwa nivae ile ya kijani. Nyuma ya pikapu, katikati yetu sisi wanawake, palikuwa na masinia mawili makubwa ya halua yamefunikwa kitambaa. Nani anakwenda kutembea na masinia mawili ya halua? Lakini mimi nilikuwa natazama barabara.

Ngome ilikuwa juu ya kilima kilichosimama peke yake, na chini yake mashamba ya mitende na falaji, mfereji wa kumwagilia, ikipita. Kutoka mbali inatisha. Minara minne, kuta ndefu, matundu ya bunduki yamepangwa kama vifungo vya koti. Ukikaribia unaanza kuona mambo. Aliyetuongoza ngazini alikuwa kijana wa mwenye nyumba, binamu yetu wa mbali, karani katika ofisi ya serikali. Alizaliwa huko huko Oman, Kiswahili chake alikipata kwa bibi yake tu, na alikisema kwa haya.

"Mzinga hii," alisema, akiupiga kofi mzinga uliokaa mlangoni, "babu alinunua Sur, bandarini, ikaburutwa na ngamia siku nyingi. Haijapiga hata siku moja, wallahi."

"Kwa nini?" nikamuuliza, nikisahau kwamba nimenuna.

"Hakununua risasi yake."

Nilicheka, na yeye akacheka. Akatuonyesha mlango wa kuchonga wenye njumu za shaba, ulioletwa kutoka Unguja. Ulipofika ulikuwa mpana kuliko pengo la ukuta, ikabidi ubao mmoja ukatwe, na maua ya pembeni yakabaki nusu. Minara miwili kati ya ile minne haikuwa na ndani; ilijazwa mawe na udongo mpaka juu, kwa kuwa mwenyewe alitaka ionekane tu. Kisima hakikuwamo. Na upande wa nyuma, unaoelekea mlimani, ambako adui mwenye akili ndiko angetokea, ukuta ulikuwa mfupi kiasi kwamba mbuzi alikuwa amesimama juu yake anatafuna, akitutazama.

"Sasa vita vikija?" nikamuuliza yule kijana.

"Vita gani?" akasema. "Babu hakuwa na adui. Alikuwa na karafuu."

Hiyo ndiyo ilikuwa tarikhi ya ngome yenyewe. Babu yake alikwenda Unguja hana kitu, akapata mashamba ya mikarafuu, akarudi kwao mzee tajiri, akakuta masheikh wa zamani kila mmoja ana ngome yake iliyopiganiwa na mababu. Akataka na yeye. Hakukuwa na wa kupigana naye, ikabidi ajenge ngome kwanza, adui atakuja baadaye. Watu wa bondeni waliicheka waziwazi mpaka alipokufa, na baada ya kufa wakaanza kuwaleta wageni kuitazama.

Nilimpenda yule kijana kidogo, nakiri. Alikuwa mpole na alijua kujicheka. Kama angekuwa mbaya mambo yangekuwa mepesi zaidi.

Wanaume wakabaki chini, kwenye ukumbi wa mlangoni wenye baraza pande mbili, penye upepo. Sisi tukapandishwa ngazi mpaka chumba cha wanawake juu yao. Humo alikuwamo bibi yake yule kijana, mzee sana, mdogo wa mwili, amekaa juu ya mkeka na kisutu cha Unguja kimemfunika mabega.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wa mtaa gani wewe?"

Nikamwambia mtaa wa Unguja tuliokuwa tukikaa. Akafumba macho, akanitajia kona, msikiti, wembamba wa njia ulivyo pale na nyumba ya mwenye kuuza kahawa. Hajaiona kwa miaka zaidi ya hamsini. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mama yangu mkubwa, cha watu wa zamani, kila neno limeoshwa. Nilikaa karibu yake nikajisikia nimefika mahali.

Tukala wali na nyama. Wakapita na kahawa. Halafu, kabla ya alasiri, nikasikia viatu ngazini na mtu akikohoa kutoa taarifa, na wanawake wote wakajitanda. Ami alisimama mlangoni. Nyuma yake, wamegeuza nyuso pembeni kwa adabu, wanaume wawili nisiowajua.

"Binti yangu," alisema ami, kwa Kiswahili, kwa sauti laini kuliko yote niliyowahi kuisikia kwake, "wewe ni amana ya ndugu yangu. Mtoto wa nyumba hii ametaka kukuoa. Ni mtu wa dini na kazi anayo. Nikuoze?"

Nilimtazama mama. Mama alikuwa anatazama mkeka.

Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza. Barua yangu iko mfukoni mwa kanzu ile ile, nimeiona kona yake, na yeye amenipandisha mlimani kwa hila, na nguo ya kijani, na halua. Nilijua cha kufanya, nilikifanya maisha yangu yote. Nikafunga mdomo. Nikaugeuza uso wangu ukutani.

Akauliza mara ya pili. Nikakaza taya.

Akauliza mara ya tatu. Nikanuna kununa kulikokuwa bora kuliko kote nilikowahi kununa, machozi ya ghadhabu yakinitoka, nikisema moyoni, ataona, huyu leo ataona.

"Alhamdulillahi," akasema ami. "Mumesikia?"

"Tumesikia," wakajibu wale wawili, wakashuka.

Na wanawake wakapiga vigelegele.

Mtu ataniuliza, hukujua? Mtoto wa Kiislamu, umesoma chuo cha Kurani, hukujua kwamba idhini ya mwari ni kimya chake? Nilijua. Nilishahudhuria harusi, nimemuona bibi harusi ameinamishwa chini ya shela, anaulizwa, halii wala hasemi, na watu wanashangilia. Lakini hayo nilijua ni ya siku ya harusi, ya mtu aliyetiwa hina na kufukizwa udi. Hayakunipitikia kwamba yananihusu mimi, tumbo limejaa wali, viatu vyangu vina vumbi la ngazini. Hayakunipitikia kwamba mtu anaweza kunitazama nimenuna vile na akaona haya za mwari. Nyumbani kwetu kila mtu alikuwa anajua kukisoma kimya changu. Hapa nilikuwa nimewapa kimya hicho hicho watu wasionijua, nao wamekisoma kwa kitabu chao.

Nikamshika mama mkono. "Wamekwenda wapi?"

"Mwalimu yuko chini," akasema bila kuniangalia. "Wakisha kusali alasiri wanafunga ndoa. Harusi yenyewe baadaye."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mama akaanza kulia. "Ningekwambia ungenuna," akasema.

Sina la kumlaumu. Alikuwa mjane katika nyumba ya shemeji yake, hana hata sufuria lake, na alichoka. Nilisimama, mlango ukawa umezibwa na wanawake wanaonipongeza, mmoja ananibusu kichwa, mwengine ananitia halua mdomoni. Nikasema, "Sitaki." Wakacheka. Mwari anasema hataki, ndiyo desturi yake. Kadiri nilivyosema ndivyo walivyofurahi. Mke wa ami akanikalisha kitako, akaniweka mkono begani, mkono mzito. Chini nikasikia wanakimu swala.

Yule bibi mzee alinisogelea. Alidhani nalia kwa ajili ya kuachana na mama, akataka kunituliza kwa kunisimulia yake.

"Mimi niliulizwa hivi hivi," akasema. "Unguja. Nina miaka kumi na tano. Baba yangu mwenyewe kaja kuniuliza. Nilikuwa sitaki, mjukuu wangu, mtu mzima yule, namuogopa. Nikasema moyoni, nikinyamaza baba ataona sijafurahi. Baba si ananijua."

Nilisahau kulia.

"Akaniona? Hakuniona. Mume akanileta huku, akanipandisha humu. Ngome yake ilikuwa haina mtu, akapata wa kumlinda. Miaka kumi na mmoja nimeshuka kwa harusi na maziko tu. Nikitaka maji nagonga sinia, mjakazi anapanda. Sauti yangu wanaume hawakuijua, na nikisifiwa kwa hilo." Alisema bila uchungu wowote, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Akakunja pembe ya mkeka. Sakafuni palikuwa na ufa mrefu, upana wa viganja viwili, umepita mpaka chini. "Wenye ngome za kweli humwaga asali ya tende ya moto kutoka hapa, adui akifika mlangoni. Sisi hatukuwa na adui. Mimi nikilala kifudifudi natazama watu. Nawajua wote kwa vilemba. Hebu tazama, utamuona mumeo."

Mkono wa mke wa ami ulilegea kidogo. Hata yeye alikuwa anasikiliza. Nikalala kifudifudi, nguo ya kijani na yote. Niliona vilemba. Swala ilikuwa imekwisha, wameshakaa barazani. Kilemba cha ami nilikijua kwa pindo lake, amekaa goti kwa goti na yule kijana, wameshikana mkono, na mwalimu katikati yao ameanza kusoma khutba ya ndoa.

Tangu nizaliwe sikuwahi kupiga kelele. Nilivuta pumzi nikatia mdomo ndani ya ufa.

"Ami! Mimi sikukubali! Nilikuwa nimenuna tu!"

Nusu ya wale wanaume hawakujua Kiswahili. Nikakumbuka hilo, nikatafuta Kiarabu, na chote kilichonijia kilikuwa cha jikoni. "Ma abgha! Ma abgha!" Sitaki, sitaki, ndivyo watoto wa ami walivyokuwa wakisema wakipewa dawa.

Wanawake walinivuta miguu. Khutba ilikatika. Vilemba vyote viligeuka nyuso, na uso wa ami sitausahau, kwa sababu haukuwa na hasira bado, ulikuwa umeshangaa tu, uso wa mtu aliyesikia ukuta unamwita jina lake. Ni yule kijana aliyeachia mkono kwanza. "Khalas, ya jamaa," nikamsikia anasema, yaani basi, yamekwisha. "Khalas. Amesema."

Tulirudi Ibra na masinia ya halua yamefunikwa vile vile. Usiku ule sikulala, na asubuhi, kabla ya chai, ami alinifuata uani, akaitoa barua mfukoni, akaiweka juu ya ukingo wa kisima na kuitia saini kwa kalamu iliyotoboa karatasi.

"Nenda," akasema. "Mimi msichana wa kunipigia kelele mbele ya watu simuwezi. Mama yako atabaki hapa."

Nikaenda. Nilikuwa nimeyataka, nikapewa. Mama alibaki katika chumba kile cha juu miaka miwili na zaidi, akipika pamoja na wanawake waliokuwa hawamsemeshi, mpaka nilipopata nyumba na ami akapoa. Kelele zilikuwa zangu, adhabu ameitumikia yeye. Hajanitajia hata mara moja, na mimi sijapata namna ya kumuomba radhi ikatosha.

Katika miaka ya themanini nilihamishiwa hospitali ya huko huko Sharqiyah, jimbo lenye Ibra. Siku moja akaletwa bibi aliyeanguka na kuvunjika nyonga. Aliyemleta alikuwa yule kijana, sasa ana tumbo na watoto wanne. Tulisalimiana vizuri, akaniuliza hali ya mama, nikamuuliza hali ya mzinga, tukacheka kidogo. Bibi nilimjua kwa kile Kiswahili chake kilichooshwa. Yeye macho hayakuwa yanaona tena, lakini nilipomwambia shikamoo alinikamata kifundo cha mkono.

"Ni wewe," akasema. "Uliyepiga kelele."

"Ni mimi, bibi. Unisamehe. Nilikuaibishia nyumba."

Nilimtengeneza mto, nikamfunika, nikadhani amesinzia. Nikageuka kwenda kwa mgonjwa mwengine, ndipo akasema, akiwa amefumba macho.

"Baba yangu alinisindikiza mpaka Oman, unajua. Alikaa siku tatu. Kila asubuhi alikaa pale barazani mwa ngome, chini ya ule ufa, na kofia yake ya viua niliyomshonea mwenyewe. Siku tatu ninaitazama. Halafu akarudi Unguja, sikumuona tena." Akapapasa ukingo wa kitanda. "Mimi sikujua, mwanangu, kama sauti inafika chini."